Nyumba ya Kupangisha ni Amana
Maoni ya Katibu baada ya safari ya Masasi na Newala

Mabwana na Mabibi Wanachama,

Mtakumbuka kuwa katika mkutano wetu mkuu ililetwa hoja kwamba sehemu ya akiba ya chama itumike kununua nyumba katika mji wa Masasi, ipangishwe wanunuzi wa korosho, na kodi yake itufae miaka ambayo mikarafuu haizai. Mwenye hoja alisema kwamba mkarafuu hutoa mwaka huu ukalala mwaka ujao, bali nyumba haina mwaka wa kulala. Wengi walipiga makofi, nami nikiwa mmoja wao. Halmashauri ikatutuma watu watatu tukaangalie kwa macho yetu.

Khabari za bei na gharama zitasomwa mkutanoni. Hapa nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo moja tu, nalo ni hili: mtu anapompangisha mwenzake nyumba ya kuishi, anachukua dhamana gani, na anajitia katika khatari gani?

Safari ya kutoka Unguja kwenda Masasi si ngeni. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Unguja pamoja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, akikusudia nchi ya Wayao, na watu wale wakaishia Masasi, wakajenga chini ya majabali. Nao Wamakonde wangapi wamekuja kwetu kulima na kupalilia chini ya mikarafuu? Basi tulipofika hatukujiona wageni sana.

Masasi uko chini, magharibi ya uwanda wa Makonde. Newala uko juu, ukingoni mwa uwanda, na mtu akisimama hapo huliona bonde la Mto Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji. Miji yote miwili huishi kwa korosho kama Pemba iishivyo kwa karafuu. Wakulima hupeleka korosho katika vyama vyao vya msingi, navyo viko chini ya vyama vikuu, MAMCU kwa upande wa Masasi na TANECU kwa upande wa Newala. Mzigo huwekwa ghalani kwa stakabadhi, utaratibu ulioanza mkoani Mtwara mwaka 2007, kisha hupigwa mnada. Tangu Oktoba miji hujaa wanunuzi, makarani, madereva na wapakizi, na kila chumba hutafutwa. Msimu ukipita, miji hunywea.

Sasa sikilizeni mambo mawili tuliyoyapata huko.

La kwanza ni la Masasi. Bwana mmoja, ambaye jina lake nalihifadhi, ana nyumba ya vyumba vinne. Kwa miaka mitano alikaa humo mwalimu wa skuli na aila yake, wakilipa kodi ndogo lakini bila ya kuchelewa. Mwaka 2018, korosho zilipokaribia, wakaja watu wa biashara wakataka nyumba nzima kwa kodi mara tatu, nusu mkononi, nusu mwisho wa msimu. Yule bwana akampa mwalimu siku saba za kuhama. Hapakuwa na hati baina yao, na mwalimu hakuwa na la kusema. Akahama na watoto wake, ilhali skuli hazijafungwa.

Yaliyofuata mnayajua wengi wenu. Oktoba 2018 wakulima waliikataa bei ya mnadani na minada ikasimama. Tarehe 12 Novemba Rais John Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Wanunuzi binafsi hawakuwa na kazi tena. Wale wapangaji wakaondoka usiku na nusu ya kodi ikaondoka nao. Nyumba ikakutwa haina kitasa wala taa, na mlango mmoja umetumiwa kuwa meza. Ikakaa tupu mpaka mwaka wa pili.

"Bwana Katibu," aliniambia, "yule mwalimu alinilipa kidogo, lakini nikiugua alikuja kunijulia hali. Hawa wa msimu hata majina yao nilikuwa nayo nusu."

La pili ni la Newala. Uwanda wa Makonde ni mchanga unaokunywa maji; mvua hunyesha, yakazama chini sana. Zamani watu waliteremka bondeni kuyafuata, na ni katika miaka ya 1950 ndipo ulipoanzishwa mradi wa kuyasukuma mpaka juu kwa mabomba. Hata leo maji ya bomba hayawaridhishi wote, kwa hivyo nyumba nyingi zina kisima cha saruji uani, na maji ya mvua hutoka batini yakapita katika milizamu, ambayo wao huiita gata, yakaingia kisimani. Mtu akipangisha nyumba Newala, apangisha kuta, bati na kisima pamoja.

Mzee mmoja alitukaribisha uani kwake. Nilipomwamkia shikamoo akaitika, akatuonyesha kifuniko kipya cha chuma chenye kufuli.

"Mwanangu," akasema, "hiki nimekitia baada ya msiba kunipita mlangoni. Cha kwanza kilikuwa cha mbao. Mpangaji aliniambia mara mbili kimeoza. Nikamwambia ngoja niuze korosho. Mtoto wake wa miaka minne akakikanyaga. Alitolewa hai, kwa uwezo wa Mungu, kwa sababu maji yalikuwa kidogo mwaka ule."

Nikamuuliza kama yule mpangaji alimshitaki. Akatikisa kichwa. "Hakunishitaki. Alihama tu, akaniachia ufunguo bila ya kusema neno. Afadhali angenishitaki."

Wanachama, mambo haya mawili ni jambo moja. Sisi tuna mfano wake mashambani mwetu. Nani kati yetu hajaona mikarafuu iliyokodishwa kwa msimu mmoja? Mkodi ajua mwakani hatakuwapo, basi havuti tawi kwa upole. Hulivunja apate vikonyo vyake upesi. Mwenye shamba naye, akiwa amekwisha pokea fedha, haendi kutazama. Baada ya miaka michache mti umebaki kigogo, na kila mmoja amlaumu mwenziwe. Nyumba ya msimu ni hivyo hivyo. Mpangaji asiye na kesho huivunja nyumba, na mwenye nyumba asiyetazama huwavunja watu walio ndani yake.

Wako watakaoniambia: "Nyumba ni yangu, nimpangishe nimtakaye, kwa bei niitakayo, na nimtoe nipendapo." Yafaa tukumbuke nchi hii ilikotoka. Azimio la Arusha la 1967 liliwakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Mwaka 1971 sheria ilitwaa huko Bara majumba yaliyopangishwa yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Ni Azimio la Zanzibar la 1991 lililowalegezea viongozi mwiko ule. Hata raia wa kawaida alikuwa na sheria ya 1984 iliyomwekea mpaka wa kodi, mpaka ilipofutwa mwaka 2005. Sitaki kufufua ugomvi wa miaka hiyo. Nataka kusema kwamba watu hawakuwachukia wenye nyumba bila ya sababu. Leo mkono wa Serikali umeondoka katika bei, na kilichobaki ni hati tunayoandikiana na dhamiri ya mwenye nyumba. Vikikosekana hivyo viwili, mnyonge hana kinga.

Wala si kweli kwamba sheria imenyamaza. Sheria ya Ardhi ya 1999, ambayo ni ya Bara, humhesabu mwenye nyumba kuwa ameahidi mambo kadha hata kama hati haikuyataja. Mpangaji akae kwa utulivu pasipo kusumbuliwa. Nyumba ya kuishi iwe yafaa kukaliwa na mtu siku ya kwanza, na iendelee kufaa. Na anayepangisha sehemu tu ya nyumba, basi paa, kuta za nje na mifereji mikuu ya maji machafu ni juu yake. Mpangaji naye yampasa kulipa kwa wakati na kuirudisha nyumba katika hali njema. Wakigombana, liko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwetu Visiwani tuna sheria zetu, lakini nyumba ikiwa Masasi itahukumiwa kwa sheria ya huko, na ni sisi wenyewe tutakaoitwa.

Liko na jambo dogo ambalo wengi hulifumbia macho. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo huko Bara hukatwa katika umeme wa LUKU. Nyumba ya kawaida ilikatwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na tangu Julai 2023 shilingi 1,500. Kodi hiyo ni deni la mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Kila mwezi, basi, mpangaji humlipia mwenye nyumba deni lake, na ni wachache wanaomrudishia. Kwa mwaka ni shilingi 18,000. Mtu atasema si kitu. Lakini kila senti ya mwenzio uliyoikalia kimya utaulizwa, na chama kinachodai mizani ya haki kwa karafuu zake hakiwezi kuwapunja wapangaji wake.

Je, nasema hoja ikataliwe? Hasha. Nyumba ni mali nzuri, na akiba iliyolala nayo ina khasara yake. Nasema isikubaliwe kama ilivyoletwa. Maoni yangu ni kwamba tuikubali kwa masharti haya:

1. Nyumba isipangishwe kwa msimu. Wapewe watu wa kukaa, kama walimu, wauguzi na watumishi wa halmashauri, kwa mwaka mmoja au zaidi. Kodi itakuwa ndogo kuliko ya Novemba, lakini itakuwapo na mwezi wa Juni.

2. Pawe na hati, nakala mbili, na mashahidi. Sisi tuliosoma chuoni twajua kwamba Sura ya Bakara yatuamrisha kuandika madeni na kushuhudizana. Sidhani kuna mwanachama anayehitaji kukumbushwa zaidi. Hati itaje kodi, muda, taarifa ya kuhama, na nani hutengeneza nini. Kwa kila fedha itolewe risiti. Mali bila daftari hupotea bila khabari.

3. Kabla mtu hajaingia, nyumba ikaguliwe pamoja naye na yaandikwe yaliyomo: vitasa, madirisha, taa, bati. Na siku ya kutoka pia, isije ikawa neno lake dhidi ya letu.

4. Tusidai kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mwalimu hulipwa kwa mwezi. Kumdai miezi kumi na miwili ni kumtuma akakope. Miezi mitatu yatosha.

5. Katika kila shilingi kumi ya kodi, moja iwekwe kando kwa matengenezo, isiguswe kwa jambo jingine. Kisima kiwe na kifuniko cha chuma. Nyaya za umeme zitazamwe na fundi mwenye leseni kila mwaka. Hili la tano nalitilia mkazo kuliko yote, kwani kodi ikipotea hulipika, lakini roho hailipiki.

6. Pawe na mwangalizi pale pale Masasi, mwenye mshahara wake, anayeweza kufika siku ile ile akiitwa. Sisi tuko ng'ambo ya bahari, na bati likiezuliwa usiku hatutalisikia.

7. Mpangaji ajulikane kwa mwenyekiti wa mtaa kwa jina na kitambulisho. Tangu 2017 kuna vita Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, na Serikali ina haki ya kujua nani analala wapi. Lakini kumjua mtu si kumdhania ubaya. Wamakonde wa pande mbili za mto ni ndugu.

8. Kodi za Serikali tuzilipe wenyewe, pamoja na ile asilimia 10 ya kodi ya zuio, na fedha ya LUKU arudishiwe mpangaji kwa kupunguziwa kodi yake.

Najua hesabu ikifanywa hivi, faida itapungua kuliko ile iliyotajwa mkutanoni. Mwenye hoja ni mzee wangu namheshimu, na nimemwonyesha maoni haya kabla ya kuyapiga chapa. Alisoma mpaka mwisho, akasema, "Maalim, umeipunguza tamu." Nikamjibu kwamba nimeipunguza chungu pia. Bado hatujaafikiana, na si vibaya. Ndiyo maana kuna mkutano.

Lakini nawaomba kila mmoja, kabla hajainua mkono, ajiulize swali moja. Katika nyumba ile atalala mtu na watoto wake, chini ya bati letu, juu ya kisima chetu, na nyuma ya mlango ambao ufunguo wa pili tunao sisi. Je, tuko tayari kuulizwa juu yao? Tukiwa tayari, tununue. Kama tunataka kodi tu, fedha na zikae benki.

Wabillahi taufiki.

Ni mimi wenu mtiifu,
Katibu wa Chama