MUUGUZI SI ASKARI, MGONJWA SI MHALIFU

Liko jambo katika hospitali za nchi hii ambalo halina budi kusemwa waziwazi. Mtu aliyejaribu kujiua hufikishwa wodini na jamaa zake, naye yu mahututi. Muuguzi humpokea, humwekea dripu na kukesha naye mpaka pumzi irejee. Hiyo ndiyo kazi aliyoapa kuifanya. Lakini nje ya mlango wa wodi ipo sheria inayomngoja mgonjwa huyo huyo apate nafuu ili imwite mshtakiwa. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inasema kwamba kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Basi mkono mmoja wa Dola unamponya mtu, na mkono wa pili umekaa tayari kumkamata.

Sheria hii haikutokana na mila wala busara ya Watanzania. Ililetwa na mkoloni wa Kiingereza pamoja na mafurushi mengine ya sheria zake. Na hapa ndipo penye kejeli ya historia. Mwezi Agosti, 1961, Bunge la London lilifuta kosa hilo kwa watu wa England na Wales. Desemba 9 ya mwaka huo huo Tanganyika ikapata Uhuru. Maana yake ni kwamba siku bendera ya mkoloni ilipoteremshwa, mwenye sheria alikuwa amekwisha itupa jalalani kwake. Aliyeachiwa makapi hayo bado ameyakumbatia, na miaka zaidi ya 60 imepita. Kama hiyo si kasumba, basi neno kasumba halina maana.

Wapo watetezi wa sheria hii wanaodai kwamba hofu ya jela huwazuia watu wasijiue. Hoja hiyo haina msingi hata chembe. Mtu aliyefika mahali pa kuona uhai ni mzigo usiobebeka hatishwi na kifungo. Anayetishika ni mwingine kabisa. Ni yule ambaye bado anapambana na mawazo hayo moyoni, na angependa kumwambia mtu, lakini anachelea. Ni mama mzazi anayemdanganya tabibu kwamba kijana wake alikosea chupa gizani. Matokeo yake tumbo linatibiwa, moyo unaachwa, na kijana anarudi nyumbani kukutana na balaa lile lile lililomfikisha hospitali.

Wengine husema kwamba kufuta kosa hili ni kuhalalisha kifo. La hasha. Uhai ni amana, na msikiti na kanisa vyote vinafundisha hivyo. Anayemshawishi au kumsaidia mwenzake ajiue aendelee kushtakiwa. Linalotakiwa ni kuacha kumwadhibu aliyeumia kwa sababu ameumia.

Uuguzi wa magonjwa ya akili una elimu yake juu ya jambo hili, na elimu hiyo yote imejengwa juu ya ukweli wa mgonjwa. Muuguzi aliyefundishwa vema humwuliza mgonjwa bila kuzungukazunguka kama anafikiria kujiua, kama amekwisha panga, na kama amewahi kujaribu. Wengi huamini kwamba kuuliza hivyo ni kumtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Utaalamu umeonyesha vingine. Swali la namna hiyo halipandi mbegu, bali humpa mtu nafasi ya kutua mzigo. Tena jaribio lililopita ni miongoni mwa dalili kubwa za hatari ijayo. Je, mgonjwa atalijibuje swali hilo iwapo jibu lake ni sawa na kukiri kosa mbele ya askari?

Akijibu kwa kweli, ndipo kazi inapoanza. Vitu vya hatari huondolewa karibu naye, na katika saa zile ngumu haachwi peke yake. Akipata utulivu, husaidiwa kuandika dalili zinazomjia kabla hali haijawa mbaya, mambo yanayomtuliza, na majina ya watu anaoweza kuwaendea usiku au mchana. Wala kazi haiishii pale anaporuhusiwa, kwa kuwa majuma ya kwanza baada ya kutoka wodi ya magonjwa ya akili ni kipindi cha hatari kubwa.

Ushahidi upo. Shirika la Afya Duniani lilisimamia uchunguzi katika Brazil, India, Sri Lanka, Iran na China, uliohusu wagonjwa 1,867 walioletwa hospitali baada ya kujaribu kujiua. Kundi moja lilipewa matibabu ya kawaida. Kundi la pili liliongezewa mazungumzo ya saa moja, kisha likafuatiliwa mara tisa katika miezi 18, kwa simu au kwa kutembelewa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba katika kundi la pili waliokufa kwa kujiua walikuwa wachache mno kuliko katika lile la kwanza. Haikuhitajiwa mashine ya mamilioni. Kazi hiyo inawezekana hata katika zahanati, bila kungoja kila mgonjwa asafirishwe hadi Mirembe, Dodoma. Lakini muuguzi atamfuatilia vipi mgonjwa aliyetaja jina la uongo kwa kuogopa polisi?

Wala hili si jambo la watu wachache. Kwa hesabu za Shirika hilo hilo, watu zaidi ya 720,000 hufa kwa kujiua duniani kila mwaka, na karibu robo tatu yao wamo katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa vijana wa miaka 15 hadi 29, ilikuwa sababu ya tatu ya vifo mwaka 2021. Hao ndio wanafunzi walio mbele ya mwalimu, na ndio makarani walioajiriwa juzi.

Kwa hiyo mwalimu na mtumishi wa umma nao wana la kujibu. Mkuu wa ofisi anayemkebehi mfanyakazi aliyezama katika huzuni, na mwalimu anayemchapa mtoto aliyejitenga na wenzake badala ya kumwuliza yaliyomsibu, wote wanaitumikia kasumba ile ile. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtu akisema amechoka kuishi, asidhihakiwe wala asihubiriwe. Akae mtu naye, amsikilize, asimwache peke yake, na amfikishe hospitali.

Ghana, iliyotawaliwa na Mwingereza yule yule, ilifuta kosa hili mwaka 2023. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo ni kinyume cha Katiba. Taifa lililojitangazia dunia kwamba msingi wake ni utu halipaswi kuburuta mkia katika jambo la utu.

Bunge halina budi kukifuta kifungu hicho, na Serikali iongeze wauguzi wa magonjwa ya akili, iwafundishe na wa zahanati, ili mgonjwa apate wa kumwambia kweli. Askari wana wezi wa kutosha wa kukamata. Muuguzi aachwe auguze.