Nundu juu ya Boneti: Pikapu Kongwe, Mafundi na Sisi Wanakiswahili

Huenda msomaji wa jarida hili akastaajabu kumwona mwanafunzi wa fasihi akiziacha tamthilia na riwaya na kushughulikia boneti ya gari. Hata hivyo, kuna mjadala unaoendelea katika karakana zetu za jua kali ambao, kwa maoni yangu, unatuhusu sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili kuliko tunavyodhani. Ni mjadala kuhusu pikapu kongwe: je, boneti yake ikatwe, iinuliwe na itobolewe apendavyo mwenyewe, au iachwe ilivyotoka kiwandani? Mimi sipingi ukataji. Ninachopinga ni ukataji usiojua sababu. Na ninadai kwamba sababu hizo, hapa kwetu, zimehifadhiwa katika Kiswahili ambacho hakuna anayekiandika.

Nitachukua mfano wa Peugeot 504. Gari hili lilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, na umbo la pikapu likafuata baadaye. Jina lake lilivuma humu nchini kutokana na mashindano ya Safari Rally, ambayo Ove Andersson aliyashinda kwa gari la aina hiyo mwaka 1975, naye Jean-Pierre Nicolas akayashinda mwaka 1978. Lakini sifa yake halisi ni ya kazi: kabichi, maziwa, magunia ya viazi na abiria waliobanana nyuma chini ya turubai. Liliendelea kuunganishwa Kenya hadi mwaka 2004. Tangu hapo halijaundwa tena humu, na kwa kuwa magari ya mitumba yaliyozidi umri wa miaka minane kwa kawaida hayaruhusiwi kuingizwa nchini, idadi ya pikapu hizi haiwezi kuongezeka. Kila boneti inayoharibiwa kwa msumeno ni boneti ambayo mbadala wake utatafutwa kwenye vichaka na nyua za watu.

Sasa vijana wenye pikapu hizi wameanza kuzipamba, nami ninawapongeza, maana gari linalopendwa halitupwi. Tatizo ni kwamba mfano wanaouiga, nao huutazama kwenye simu, ni wa Marekani. Huko wapenzi wa pikapu kongwe hushughulikia hasa Ford F-100 za miaka ya 1953 hadi 1956, na Chevrolet C10 za 1967 hadi 1972. Hutia ndani injini ya V8 ambayo kabureta yake hukaa juu kabisa, katikati ya safu mbili za silinda, na juu ya kabureta hukaa kichujio cha hewa. Mrundiko huo wote hugonga boneti. Ndiyo maana boneti ikainuliwa na kupata nundu. (Mafundi wetu husema skupu. Mimi nimependelea nundu kwa sababu kila aliyewahi kumwona ng'ombe wa kienyeji anaielewa papo hapo.) Kuna hata nundu ambazo mdomo wake unatazama nyuma, kwenye kioo, kama ile ya Chevrolet Chevelle SS ya mwaka 1970. Asiyejua atadhani imewekwa kinyume. La hasha! Gari likienda kasi, hewa hugonga kioo cha mbele na kusongamana penye kitako chake, na mdomo ule uliwekwa hapo ili uinywe hewa hiyo baridi iliyoshindiliwa.

Tuurudie ule mfano wetu wa Kifaransa. Injini ya petroli ya 504 haikusimamishwa wima. Ililazwa ubavu kwa nyuzi 45, na mojawapo ya faida za kuilaza ni kwamba boneti iliweza kushuka chini. Hakuna kitu humo ndani kinachodai nundu. Ukiipandika ni pambo tu, na pambo si dhambi, mradi limezibwa. Likiachwa wazi, mvua ya Aprili itamwagika juu ya distribyuta, na vumbi la barabara ya murram litapata njia fupi ya kuingia. Aidha, wapo wanaochonga matundu karibu na kioo wakinuia kutoa joto. Msomaji aliyefuatana nami atakuwa amekwisha kuona kasoro: hapo ndipo hewa inaposhindiliwa, kwa hivyo gari likiwa mwendoni matundu hayo huingiza hewa badala ya kuitoa. Matundu ya kutoa joto hukaa mbele zaidi, nyuma kidogo ya radieta, ambako hewa inayopita juu ya boneti huvuta badala ya kusukuma.

Isitoshe, lipo jambo ambalo video za ng'ambo haziwezi kumwambia kijana wa Kinoo au wa Limuru. Hewa ya Nairobi, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja kati ya sita. Kabureta iliyopimiwa pwani, ikifika bara, huipa injini petroli kupita kiasi. Moshi mweusi hutoka, plagi hushika masizi, na mwenye gari hulalamika kwamba gari linakunywa. Nundu haitibu ugonjwa huo hata ingekuwa kubwa kama ya ngamia. Dawa yake ni jeti ndogo zaidi ndani ya kabureta, na fundi mzee wa Barabara ya Kirinyaga atakueleza hayo kwa Kiswahili sanifu cha kutosha huku akiendelea kufungua nati.

Hapa ndipo penye uzito wa hoja yangu. Chumba cha injini si ukuta wa kupakwa rangi. Yapo mambo matatu ambayo fundi mzuri huyatazama kabla ya kugusa msasa. La kwanza ni mpira wa petroli: mpira mkuukuu uliopitishwa karibu na bomba la moshi ni moto unaosubiri siku yake. La pili ni nyaya. Katika magari mengi ya zamani umeme wote wa taa hupita katika swichi yenyewe, na mwenye gari akitia taa kali zaidi bila kuongeza relei, swichi huyeyuka. La tatu, ambalo ndilo linalonitia hofu zaidi, ni komeo. Katika pikapu ambazo komeo la boneti liko upande wa grili, huwa kuna kikulabu cha pili cha akiba, kinachoizuia boneti isifunuke iwapo komeo kuu limeachia. Wapambaji hukiondoa kikulabu hicho ili sehemu ya mbele ionekane laini. Boneti yenyewe imekwisha kuongezwa uzito wa bati na fila. Siku komeo litakapoachia kwenye mteremko wa kwenda Naivasha, boneti itafunuka, itapiga kioo, na dereva hataona chochote.

Ni nani aliyeyaandika haya kwa Kiswahili? Maandishi yanayokuja na vipuri ni ya Kiingereza, Kifaransa au Kijapani. Kijana anayejifunza kazi hii hufundishwa kwa mdomo, naye anayemfundisha anazeeka. Nasi, wenye jukumu la lugha, tumekaa vyumbani tukibishana iwapo boneti ni neno la Kiswahili au ni la mkopo tu! Fani yetu imewahi kuugua ugonjwa huu. Tangu Kezilahabi atoe Kichomi mwaka 1974, wanajadi na wanausasa wamebishana kuhusu vina na mizani kwa miaka mingi, na mara nyingine mabishano yalisahau kuuliza kama shairi lenyewe linasema kitu. Mwenye kuilinda boneti ya kiwandani kwa sababu tu ni ya kiwandani ni ndugu wa mwanajadi yule, na anayeikata kwa kuwa Wamarekani wameikata hana tofauti kubwa naye.

Nami ninashikilia kwamba msamiati wa mafundi umetoholewa kwa busara kuliko orodha nyingi za istilahi zilizobuniwa mezani. Walikopa boneti, radieta, kabureta, gasketi na fenibelti kwa sababu vitu hivyo vilikuja na majina yake na kazi ilikuwa ikingoja. Lakini palipohusu tabia ya injini hawakukopa chochote. Injini inakohoa. Inakula oili. Imechemsha. Dereva asiyejali maji ameua injini, na fundi huifufua. Mhakiki anayetafuta istiari na tashihisi katika tungo za karne zilizopita angepata kapu zima kwa mchana mmoja gerejini, na hakuna ambaye angemdai nauli ya kwenda Lamu.

Ninapendekeza, basi, jambo dogo linalowezekana. Chama chetu kiteue wanafunzi wanne au watano, wachukue daftari na kamera, waende kwa mafundi wa bodi na wa injini muhula ujao. Waandike maneno kama yanavyotamkwa, si kama wanavyotaka yawe. Watunge kitini chepesi chenye michoro kuhusu boneti na chumba cha injini cha pikapu kongwe: kipi kikatwe, kipi kisiguswe, na kwa nini. Mswada usomwe kwanza na mafundi wenyewe, ndipo uletwe kwa walimu wetu wa isimu, wala usiletwe kwa mpangilio wa kinyume. Gharama ni karatasi na wino. Ukurasa wa kwanza ningependa uwe wa lile komeo na kikulabu chake.