Safu za biti ziingie C kupitia maktaba

Lugha ya C, aliyoiunda Dennis Ritchie huko Bell Labs, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mpaka leo haina safu ya biti. Anayetaka kuhifadhi majibu milioni moja ya ndiyo au hapana hutumia safu ya bool, na kwa kawaida kila jibu hula baiti nzima: baiti 1,000,000 badala ya 125,000. Kwenye kompyuta ya mezani hasara hiyo haimnyimi mtu usingizi. Kwenye Arduino Uno R3, yenye kumbukumbu ya kazi ya baiti 2,048 tu, ni balaa. Ndiyo maana wapo wanaotaka C iongezewe safu ambayo kila chembe yake ni biti moja. Haja yao ni ya kweli. Dawa wanayoitaka ndiyo yenye kasoro.

Katika C, a[3] maana yake ni kushika anwani ya mwanzo wa a, kusogea hatua tatu na kusoma kilichopo. Safu na kielekezi, yaani kibadilika chenye kushika anwani, ni chanda na pete. Biti haina anwani yake. Kidogo kabisa chenye anwani ni baiti. C++ imeshaonja machungu haya: vector<bool> iliruhusiwa kubanwa kuwa biti, na programu zilizoandikwa kwa ajili ya vekta yoyote huweza kukwama zikikutana nayo. Tena, nyuzi mbili za programu zikiandika biti jirani kwa wakati mmoja, mmoja unaweza kufuta kazi ya mwenzake, kwa kuwa zote husoma baiti ileile, huibadilisha na kuirudisha.

Watetezi hutaja safu zilizobanwa za Pascal. Sawa, ila Pascal ilikataza chembe za safu hizo kupitishwa kama vigezo vya var, yaani vile ambavyo funksheni inaweza kuvibadilisha palepale vilipo. Hoja yao nzito zaidi ni kwamba kila mtu hujiandikia a[i/8] |= 1 << (i%8), na kukosea ni rahisi. Hapo wana haki. Lakini Linux imelitatua hilo kwa funksheni: set_bit huzuia nyuzi kugongana, __set_bit haizuii lakini ni nyepesi, na mwandishi huchagua. Mabano ya mraba yasingempa uchaguzi huo. Toleo la C23 limeleta stdbit.h, yenye funksheni za kuhesabu biti ndani ya namba. Kamati ya C iongeze humo za kuwasha, kuzima na kukagua biti ndani ya safu ya baiti, na mabano iyaache yalivyo.