KICHUJIO KIMEKOSEKANA, DEREVA AMEPEWA BARUA



Sisi wana wa Kithimani tulio katika kazi ya reli twaandika kwa ajili ya barua moja. Mwenzetu, dereva wa injini ya kupanga mabehewa yadini, amepewa barua ya onyo. Barua yasema amezembea: aliambiwa "Simama" kwa simu ya upepo, naye akaendelea kurudi nyuma mpaka mabehewa yakagonga kizuizi cha mwisho wa njia. Hakuumia mtu, Mungu ashukuriwe.

Wakubwa wasema kanuni iko wazi, dereva asiposikia kitu na asimame. Kanuni hiyo twaijua na twaifuata. Lakini siku ile redio haikuwa kimya. Mwenzetu alisikia sauti nene, imekatika-katika, ikisema "Njoo, njoo, njoo." Akadhani ni mwenzake aliye chini. Kumbe alikuwa karani wa mwenye kandarasi mmoja, ng'ambo ya ukuta, akiita lori lirudi nyuma lipakiwe.

Sauti ya karani wa malori iliingiaje katika redio ya reli? Ofisi ilijibu kwamba redio zetu ni mbovu na kwamba hatuzitunzi. Jibu la kweli tulilipata nyumbani.

Mwezi uliofuata, dereva wa malori yale alishuka Kithimani na sanduku la chuma. Lilikuwa amplifaya ya mwenye kandarasi, ile ya kuongeza nguvu ya redio, nayo imeungua. Akampa fundi wa redio pale sokoni, kando ya barabara ya Thika kwenda Garissa. Wawili kati yetu walikuwa likizo, wakakaa wakatazama. Fundi alibadilisha transista, kisha akaipima. Hakuiunga na eriali. Aliiunga na mzigo wa kupimia, ambao hugeuza nguvu yote kuwa joto, asije akamsumbua mtu hewani. Sehemu ndogo tu ya nguvu aliipeleka katika chombo cha kuonyesha mawimbi, kwa sababu chombo hicho kikizidiwa nacho husema uongo.

Kiooni kulitokea kilele kirefu penye megahezi 155, wati 50. Hiyo ndiyo njia ya malori. Kisha kilele cha pili penye 310, na cha tatu penye 465. Ndugu, redio zetu za yadini zafanya kazi penye 465.

Fundi alitueleza hivi. Wimbi lililo safi hupanda na kushuka taratibu. Amplifaya ikisukumwa kupita uwezo wake, hukata vilele vya wimbi, na wimbi lililokatwa huzaa mengine: la mara mbili, la mara tatu, na kuendelea. Hayo huitwa hamoniki. Zidisha 155 kwa 3, utapata 465. Wahenga walisema, ngoma ikivuma sana hupasuka. Mwenye kandarasi alitaka ivume.

Sasa hesabu. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, umeweka mipaka. Kwa redio kama ile ya wati 50, uchafu wa namna hii sharti uwe chini kwa desibeli 60, yaani usizidi sehemu moja katika milioni. Hiyo ni miliwati 0.05. Amplifaya ile ilikuwa chini kwa desibeli 30 tu, sehemu moja katika elfu, yaani miliwati 50. Hata sisi tuliosoma shule ya misheni tu twajua kugawa: ni mara 1,000 kuliko mpaka. Eriali yake iko ukutani kwetu, na mwenzetu wa chini yuko mbali, nyuma ya mabehewa ya chuma, na redio ya mkononi. Nani atasikika?

Tena fundi alifungua kifuniko akatuonyesha jambo lililotuuma. Kwenye njia ya kutokea eriali palikuwa na matundu matupu, yamechapwa alama za koili na kapasita, lakini koili na kapasita hazikuwekwa. Mahali pa kichujio palikuwapo, kichujio hakuna. Kichujio hicho hupitisha 155 na kuzuia 310 na 465. Koili husimama njiani, na kapasita humwaga uchafu ardhini. Vitu vyote hivyo havifiki bei ya viatu vya kazi. Mtu fulani aliviacha ili auze rahisi, na mwingine akanunua rahisi, na dereva wa reli ndiye aliyelipa.

Wengine watatuambia, "Basi wekeni kichujio katika redio zenu." Hapana. Hamoniki ile iko juu ya 465 yenyewe. Ukiizuia kwetu, umezuia na sauti ya mwenzetu. Watu wa Yatta tunalielewa hili. Mfereji wetu ulichimbwa miaka ya 1950 kwa mikono ya wafungwa wa Dharura, nao waleta maji kutoka mto Thika. Mtu akitia sumu mferejini, hakuna mwenye akili atakayesema kila mama wa Kithimani achuje sumu katika mtungi wake. Atazuiliwa yule anayeitia.

Wengine watasema kichujio hupunguza nguvu. Kilichotengenezwa vizuri hupunguza kidogo mno. Na hata ukishusha wati 50 kuwa 25, hiyo ni desibeli 3 tu, msikilizaji karibu hatatambua, lakini hamoniki hushuka zaidi ya hapo kwa kuwa vilele havikatwi tena. Fundi aliweka kichujio, akapunguza msukumo, akakaza sanduku ardhini na kufunga kifuniko ili uchafu usivuje pembeni. Akapima tena. Kile kilele cha 465 hakikuonekana.

Sheria ya Kenya ya habari na mawasiliano ya 1998 yataka vyombo vya namna hii vikaguliwe na kukubaliwa kabla ya kutumiwa. Basi kazi ya kukagua isiachiwe fundi wa sokoni na watu wawili walio likizo.

Kwa hiyo twadai mambo manne. Kwanza, barua ya mwenzetu iondolewe katika faili lake. Pili, kila amplifaya iliyo ndani au kando ya yadi ipimwe, na mwakilishi wa chama awepo akiangalia. Tatu, mafundi wetu wapewe chombo cha kupimia na mzigo wake. Nne, fundi asilazimishwe kutia sahihi chombo kisicho na kichujio, wala asiadhibiwe akikataa.

Nanyi wanachama, mkisikia sauti ngeni katika redio, simamisheni kazi, andikeni saa na maneno mliyoyasikia, leteni kwa katibu wa tawi. Msingoje barua. Safari hii ilikuwa kizuizi cha njia. Mtu akiwa kati ya mabehewa mawili, hatutakuwa na la kuandika ila jina lake.

Umoja ni nguvu.