Gesi ni moto safi? Tuulize kwanza inachukua nafasi ya nini

Kuanzia mwezi wa Juni baridi ya usiku inashuka Lubumbashi, na swali la moto linarudi nyumbani. Wengi wanaingiza mbabula ya makala chumbani. Wenye uwezo wanasikia habari za moto wa gesi wa mapambo, unaowekwa ukutani mwa sebule na kuuzwa katika nchi nyingi kama rafiki wa mazingira, kwa kuwa hautoi moshi wala majivu. Tunaona vema kupima maneno hayo.

Gesi ya chupa ni propani na butani, navyo vinatoka katika petroli na gesi ya ardhini. Kilo 1 ikiungua inatoa karibu kilo 3 za hewa ya kaboni, ile inayoongeza joto la dunia. Chupa moja ya kilo 12 inatoa basi karibu kilo 36. Macho hayaoni kitu, lakini anga inapokea yote.

Sasa tuangalie makala. Katika tanuru la udongo, kilo 1 ya makala inakula kilo 5 mpaka 10 za kuni. Kuni hizo ni miti ya miombo, na wanaokata wanazidi kwenda mbali na mji. Tena kuna moshi: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 katika mwaka wa 2020. Kwa hiyo mama anayeacha makala na kupikia gesi anapata faida ya kweli, yeye na pori pia. Gesi yake si safi kabisa, lakini inachukua nafasi ya jambo baya zaidi.

Moto wa mapambo hauna faida hiyo. Hakuna chungu juu yake, wala hauzuii mti wowote kukatwa. Ukiwa wazi chini ya bomba la moshi, sehemu kubwa ya joto inapanda nje. Usipokuwa na bomba, hewa yake inabaki chumbani, na ukikosa oksijeni ya kutosha unatoa monoksidi ya kaboni, sumu isiyo na rangi wala harufu. Ni sumu ile ile inayoua watu waliolala na mbabula katika chumba kilichofungwa.

Kuna moto ulio bora zaidi, nao ni umeme wa maji. Laini ya Inga mpaka Kolwezi, yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi, ilimalizika mwaka wa 1982 kwa ajili ya migodi ya Katanga, ikipita juu ya vijiji vingi visivyo na taa. Mpaka leo umeme ukikatika mjini, familia inarudi kwenye makala. Ndugu wa Kivu ya Kaskazini wanajua kwamba njia nyingine inawezekana: kituo cha Matebe, Rutshuru, kilizinduliwa mwaka wa 2015, na kinatumia maji ya mto.

Basi parokia zetu zifanye nini? Bwana Yesu alifundisha kwamba anayetaka kujenga mnara aketi kwanza na kuhesabu gharama. Kamati inayojenga nyumba ya wageni isitumie fedha kwa miali ya kupendeza macho, wakati jikoni akina mama wanapika kwa makala. Bei ya chupa ya kwanza na jiko lake ndiyo inayozuia familia nyingi; vikundi vya akina mama vinaweza kuinunua kwa zamu, kwa njia ya likelemba. Anayebaki na mbabula aitoe nje kabla ya kulala. Na tunapokutana na viongozi wa Leta, tuwaulize bila kuchoka kuhusu umeme wa majumbani, maana bila huo pori litaendelea kuingia katika mifuko ya makala.