Kamati bila daftari ni mali ya mwenye lori

Mipaka ya utawala ya Burundi imebadilika. Sheria ya mwaka 2023 ilipunguza mikoa kutoka 18 hadi mitano na komini kutoka 119 hadi 42, na uchaguzi wa Juni 2025 ulikuwa wa kwanza kufanyika kwa ramani hiyo mpya. Makamba ya zamani, ambako wengi wetu tuliorudi kutoka Kigoma, Tabora na Katavi tumejenga tena, sasa iko ndani ya mkoa wa Burunga.

Sokoni watu huzungumzia zaidi umbali wa kwenda kutafuta karatasi kwenye ofisi za komini mpya. Hilo ni kweli na linauma. Lakini lipo jambo jingine lisilozungumzwa sana, nalo ni kwamba kamati za vyama zilizokaa juu ya komini za zamani zimepoteza mipaka yake. Chama chochote kinachotaka kuonekana katika uchaguzi wa urais wa 2027 hakina budi kuziunda upya. Katika miji midogo kama Mabanda na Nyanza-Lac, watu watakaokaa katika kamati hizo ndio watakaopendekeza wagombea, kuchagua mawakala wa kusimamia kura na kwenda kwenye mikutano mikuu. Swali la kujiuliza ni hili: watapatikana kwa njia gani, na nani atawalipia?

Kwa kawaida mambo huenda hivi. Mjumbe anatoka makao makuu akiwa na bendera mbili na barua yenye mhuri. Hana nauli ya kuzunguka vilimani. Anamtafuta mtu mwenye lori au mwenye duka kubwa. Mtu huyo anatoa gari, ukumbi na vinywaji. Jioni kamati inatangazwa: mwenyekiti ni mwenye lori, katibu ni shemeji yake, mweka hazina hana hazina yoyote ya kuweka, na nafasi moja anapewa mwanamke ambaye hakuwepo hata kwenye kikao. Miezi sita baadaye, mwenye lori akipatana na wakubwa wa chama kingine, kamati nzima inahama naye. Ukiuliza orodha ya wanachama, hakuna anayejua ilipo.

Wako wanaosema kwamba siasa za Burundi huamuliwa juu, na kwamba kamati ya mji mdogo ni mapambo tu. Historia haisemi hivyo.

Mwaka 1957 Mwanamfalme Louis Rwagasore alianza na ushirika wa wafanyabiashara kabla chama cha UPRONA hakijapata nguvu. Waswahili wa Buyenzi, watu wa biashara ndogo ndogo, walikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono mapema. Septemba 1961 UPRONA ilichukua viti 58 kati ya 64. Rwagasore aliuawa Oktoba mwaka huo huo, lakini ushindi ulikuwa umeshapatikana, na ulitokana na watu waliojuana kwa mizani na mikopo kabla ya kujuana kwa kadi za chama.

FRODEBU nayo iliandikishwa Julai 1992 na kushinda Juni 1993, ikiwa na viti 65 kati ya 81, yaani chini ya mwaka mmoja baadaye. Haikufanya miujiza. Kabla ya kuandikishwa ilikuwa imekwisha kujipanga kwa siri kilima kwa kilima, na walimu walikuwa miongoni mwa waliofanya kazi hiyo. Melchior Ndadaye mwenyewe alikuwa ameishi uhamishoni Rwanda na huko ndiko alikojifunza kuunda chama. Siku sheria iliporuhusu vyama vingi, FRODEBU ilitoa watu wake hadharani wakati wengine wakianza kuwatafuta.

Mfano wa karibu zaidi ni wa chama cha CNL. Kiliandikishwa mwaka 2019, na mwaka 2020 kilipata wabunge 32. Njiani ofisi zake kadhaa zilibomolewa au kuchomwa, na wanachama wake wakapata madhara. Mwaka 2023 Wizara ya Mambo ya Ndani ilisimamisha shughuli za vyombo vyake kwa sababu ya mgogoro wa uongozi. Machi 2024 mkutano mkuu uliofanyika Ngozi ulimwondoa Agathon Rwasa kwenye uongozi bila yeye kuukubali. Katika uchaguzi wa Juni 2025 CNDD-FDD ilitangazwa kushinda viti vyote 100 vya kuchaguliwa, na CNL haikupata hata kimoja.

Ni dhahiri kwamba shinikizo kutoka nje ya chama lilikuwa na sehemu yake, na hakuna daftari linaloweza kuzuia ofisi isichomwe moto. Lakini tazama namna ugomvi wa ndani unavyokwenda. Hapa nchini tuna neno nyakuri, la upande wa chama unaojitangaza kuwa ndio wa kweli, na neno hilo limetumika kwa vyama vingi tangu 2010. Pande mbili zinapogombana, swali linalofika mezani ni la karani: nani mjumbe halali, alichaguliwa na kikao gani, na kikao hicho kilikuwa na watu wangapi? Kamati yenye daftari na mihtasari iliyotiwa saini ina jibu. Kamati iliyotangazwa baada ya vinywaji haina, na kwa hiyo yeyote mwenye mhuri anaweza kuitangaza nyingine kesho.

Sisi tuliorudi tunapaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine. Kambini Tanzania siasa za vyama zilikuwa marufuku, hivyo wengi tulirudi bila uzoefu wa kuwa wanachama wa chochote. Lakini kila aliyeishi kwa kadi ya mgawo anajua nguvu ya orodha. Jina likikosekana kwenye karatasi, unga hupati, hata kama msimamizi anakufahamu kwa sura na anasikitika. Tulijifunza kuhakiki majina, kusahihisha umri wa watoto na kubishana kwa adabu na mwenye kalamu. Ujuzi huo tumeuacha kwenye mahema, wakati ndio hasa unaohitajika kwenye kamati.

Sasa, nani akae humo? Mji wa mpakani una watu wa aina tatu: waliobaki, waliorudi na wafanyabiashara ambao leo wako Mugina na kesho wako Manyovu. Kishawishi kikubwa ni kila kundi kuunda kamati yake. Waliorudi husema, “Chama fulani ni chetu, kitaturudishia mashamba.” Waliobaki husikia maneno hayo na kukimbilia chama kingine ili kiwalinde. Hapo kesi ya mpaka wa shamba inageuka kuwa kesi ya bendera, na haiamuliki tena.

Ikumbukwe kwamba tume ya ardhi, CNTB, iliundwa mwaka 2006 na muda wake ukaisha mwaka 2022, ikiwa imewakasirisha watu wa pande zote mbili katika maeneo kama Nyanza-Lac na Rumonge. Ikiwa tume ya taifa yenye sheria yake haikumaliza suala hilo, kamati ya chama ya watu saba haitalimaliza. Mgombea anayeahidi shamba kwenye mkutano wa hadhara anaahidi kitu ambacho kamati haina uwezo wa kukitoa. Kinachowezekana ni kidogo lakini ni cha kweli: kumsaidia mtu kujua aende ofisi gani na karatasi zipi, na kupeleka mbele wagombea wa baraza la komini ambao majirani wa pande zote mbili wanaweza kukaa nao kivulini.

Sheria yenyewe inasaidia. Tangu Katiba ya 2005, chama lazima kiwe wazi kwa Warundi wote, na sura ya kitaifa ionekane katika uongozi wake. Bunge lina mgawanyo wa asilimia 60 Wahutu na 40 Watutsi, na wanawake wasiopungua asilimia 30. Kamati ya mjini inayosubiri wiki ya mwisho ndipo itafute mwanamke au mtu wa kabila jingine wa kujaza karatasi itapata jina tu. Inayowaingiza tangu mwanzo, na kuwapa ukatibu au hazina badala ya kiti cha pembeni, itapata watu wa kufanya kazi. Wanawake wanaouza dagaa na mawese wana vikundi vya kuweka na kukopa vyenye daftari safi kuliko ya chama chochote ninachokifahamu. Mweka hazina wa kamati angetafutwa huko kwanza.

Hapa tunafika kwenye fedha. Katiba hiyo ilikataza vyama kupata fedha kutoka nje ya nchi, isipokuwa pale sheria inaporuhusu kwa namna ya pekee. Kwa mji wa mpakani hili si jambo la mbali. Mfanyabiashara mwenye ndugu Kasulu au Kigoma anayeletewa shilingi za “kusaidia chama” anaweza kujiletea matatizo yeye na kamati nzima. Njia salama ni ada ndogo ya wanachama wenyewe, inayolipwa kwa faranga, kwa stakabadhi, na kusomwa hadharani kila mwezi. Ada ya watu 60 haitanunua lori. Itakodi chumba, itanunua daftari na itamlipia wakala chakula siku ya kura. Mwenye lori akitaka kusaidia, karibu, ila jina lake liandikwe kwenye daftari kama la wengine, na kura yake ihesabiwe moja.

Pia kuna tofauti kati ya ada na mchango wa lazima. Watu wa hapa wanakumbuka michango ya uchaguzi iliyoanzishwa mwaka 2017 kwa ajili ya uchaguzi wa 2020, na jinsi baadhi ya walioikusanya walivyosimama njiani na sokoni kudai karatasi. Chama kinachomfuata muuza dagaa kwenye meza yake na kumwambia kuwa bila kadi hatauza, hakijapata mwanachama. Kimepata mtu anayesubiri siku ya kukikwepa. Kamati yenye busara haiuzi kadi sokoni siku ya soko wala haigusi suala la ushuru. Kwa sababu hiyo hiyo, polisi, askari na mahakimu hawaruhusiwi kujiunga na vyama, na kamati isiwaombe “waangalie mambo” kwa niaba yake. Sisi walimu nasi tuna mpaka wetu: mwalimu anaweza kuwa katibu mzuri, lakini si darasani, na si kwa kutumia watoto kubeba ujumbe kwa wazazi.

Lugha ya mihtasari nayo ina uzito wake. Wengi tuliosoma uhamishoni tuliandika kwa Kiswahili na Kiingereza. Waliosoma hapa waliandika kwa Kifaransa. Muhtasari ukiandikwa kwa Kifaransa, nusu ya waliorudi watatia saini kitu wasichokisoma. Ukiandikwa kwa Kiswahili, waliobaki watadhani tunapanga njama. Kirundi kipo, ni lugha ya wote, na ni lugha rasmi. Kikao kinaweza kujadili kwa lugha yoyote inayoeleweka, lakini maamuzi yaandikwe kwa Kirundi na kusomwa kwa sauti kabla ya watu kuondoka.

Faida ya haya yote huonekana siku ya kura. Baada ya uchaguzi wa komini wa Mei 2010, vyama vya upinzani vilisusia chaguzi zilizofuata, na moja ya malalamiko yao lilihusu karatasi za matokeo. Malalamiko ya namna hiyo huhitaji ushahidi wa kituo kwa kituo, na ushahidi huo unaletwa na wakala aliyeandaliwa, anayejua kuhesabu, anayekaa mpaka mwisho na kudai nakala. Wakala wa namna hiyo hapatikani usiku wa kuamkia uchaguzi. Anatoka kwenye daftari lenye majina yaliyohakikiwa miezi mingi kabla. Ikumbukwe pia kwamba chama kisichofikisha asilimia 2 ya kura za nchi nzima hakipati kiti cha ubunge hata kama mji wake mmoja kimeushinda.

Si lazima msomaji awe wa chama fulani ili haya yamhusu. Chama tawala kinachotaka kamati zake zisiwe mali ya watu wachache kina haja ya daftari sawa na chama kidogo kinachoanza na watu kumi. Neno nyumbakumi lilivuka ziwa na mpaka na kukaa katika miji yetu kwa sababu watu kumi wanaofahamiana ni kipimo ambacho kila mtu anaweza kukisimamia. Anza na hao kumi. Waandikwe, walipe, wamchague katibu kwa kura ya siri, na muhtasari wa siku hiyo uhifadhiwe nakala mbili katika nyumba mbili.

Na mjumbe atakapokuja kutoka makao makuu na bendera zake kutafuta mwenyekiti, apewe kiti na maji ya kunywa, kisha aonyeshwe daftari. Akiona halimhusu, mtakuwa mmejua mapema chama hicho kinawataka kwa kazi gani.