Mashine ya ubongo: nani kapiga hesabu ya kichwa cha mwanao?

1/5
Mama zangu wa Mwanza, leo siumi maneno. Juzi mama kaniletea mtoto wa miaka mitatu, kifafa kinampanda mfululizo. Kumbe alimwachisha dawa ghafla, akanunua kwa simu mkanda wa umeme wa "kuamsha ubongo". Muuzaji alimwambia: "Umeme wenyewe mdogo, hauna shida."

2/5
Sikatai, tiba ya aina hii ipo. Mwaka 1985, kule Sheffield, Uingereza, Anthony Barker na wenzake waliweka koili ya sumaku juu ya kichwa cha mtu, bila kupasua, na mkono ukacheza. Mwaka 2008 Marekani iliruhusu mashine ya namna hiyo kutibu sonona kwa watu wazima. Zipo pia za kupitisha umeme kidogo, mara nyingi miliampea 1 hadi 2. Ninachopinga ni kubahatisha.

3/5
Mvua ikinyesha Mwanza, maji hayashuki mlimani sawasawa. Yanakwepa mawe, yanafuata mitaro. Umeme kichwani ndivyo ulivyo. Fuvu ni kama jiwe, linauzuia. Maji yanayozunguka ubongo ni kama mtaro, yanaupitisha. Sehemu kubwa inaishia kwenye ngozi tu.

Ndiyo maana watafiti wanachukua picha za MRI, wanakigawa kichwa ndani ya kompyuta kuwa vipande vidogo maelfu kwa maelfu: ngozi, fuvu, maji, ubongo. Kisha programu kama SimNIBS inakokotoa umeme unafika wapi na kwa nguvu gani. Vichwa viwili, majibu mawili. Hata kusogeza kile kibandiko kidogo tu, majibu yanabadilika.

4/5
Sasa sikia hapa. Mtoto ana kichwa kidogo na fuvu jembamba. Hesabu za kompyuta zimeonyesha kwamba kwa umeme uleule, ubongo wa mtoto kwa kawaida unapata nguvu kubwa kuliko wa mtu mzima. Na kichanga ambaye utosi haujafunga je? Kwa hiyo "umeme mdogo" ni mdogo kwa nani? Kichwa cha mwanao kimepimwa na nani? Muuzaji hajui hata kibandiko kikae wapi!

5/5
Najua mtaniambia: "Nesi, kliniki foleni, dawa nazo wakati mwingine hazipo, tufanyeje?" Hasira hiyo ni halali, hata mimi ninayo. Lakini upungufu wa dawa haugeuzi mkanda kuwa dawa. Dawa zikikaribia kuisha, njoo mapema, usisubiri kidonge cha mwisho. Usimwachishe mtoto dawa ghafla, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu na kumuua.

Ukiletewa mashine, uliza mambo matatu: inatibu ugonjwa gani, imejaribiwa kwa watoto wa umri gani, na daktari gani atamsimamia mwanangu? Akianza kujiumauma, mwambie akajivalishe mwenyewe.

Mtumie na jirani yako wa Igoma, Kirumba, Ilemela. Mtoto si wa kujaribia.